Nyongeza ya Alhamisi

Sehemu ya tisa

Mwanamke aliyesimama dirishani hakuwa mgonjwa.

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji. Twaiba Suleiman, karani wa kupokea wagonjwa katika zahanati moja ya Msambweni, ameshika simu. Kwenye simu kuna mstari mmoja mpya uliomsahaulisha foleni nzima. Na upande wa pili wa kioo, mgeni asiyemjua anamwambia, "Natafuta dadake Abubakar."

Abubakar alikuwa na miezi kumi na moja kaburini.

"Mimi ndiye," Twaiba alisema. "Una kadi?"

"Sikukuja kutibiwa. Naitwa Kanyiva. Nilikuwa nafanya kazi na yeye." Mgeni aliinama karibu na tundu la kioo. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika tatu."

Kanyiva akafumba macho. "Nilijua hutachelewa."

Kwa aliyetukuta njiani, nitasema kwa ufupi. Abubakar alikuwa mtu wa sauti. Studio moja ya Diani ilitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Msitu wa Saba, na kila kinachosikika ndani yake alikinasa yeye: mbega wakiruka juu ya mabati, mbuzi ya nazi ikikwaruza, mvua ikianza kwenye makuti. Na yule Mlinzi wa msitu, anayependwa na wachezaji kuliko wote, alizungumza kwa sauti ya Abubakar mwenyewe.

Mkataba ulimkataza kusema nyumbani anatengeneza nini. Basi dada yake akatafuta njia ya kujua.

Iko tovuti iliyo wazi kwa kila mtu, hifadhidata inayoorodhesha kila badiliko linalofanywa kwenye michezo ya kompyuta: faili ipi imeongezwa, imekua kiasi gani, saa ngapi. Haionyeshi kilichomo ndani. Inaonyesha tu kwamba kuna mkono umegusa. Twaiba akajifunza kuisoma. Faili za sauti zikiguswa saa saba na nusu mchana, alijua mdogo wake ametoka msikitini na amerudi kazini. Alisoma hivyo kwa miaka miwili, akaanza kuona mwendo wa mambo: sasisho hili litatoka lini, nyongeza ile itahusu nini. Akawa anaandika mtandaoni. Watu elfu kumi na nne wakamfuata bila kumjua ni nani. Walimwita Shangazi, na kila alipotaja siku, ilikuwa siku hiyo.

Kisha lori likamgonga Abubakar pale Kombani.

Twaiba hakulia. Aligawa maji msibani, akakusanya vikombe, siku ya nne akarudi kwenye dirisha lake. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Hakuwabishia, kwani hata yeye alipojigusa ndani hakukuta kitu. Hifadhidata aliendelea kuisoma kila asubuhi. Hakuwa akimtafuta mtu tena. Kazi ile haikumtaka ahisi lolote, basi ilimfaa.

Na asubuhi ya leo imejitokeza nyongeza mpya ya Msitu wa Saba. Jina lake: Mlinzi Arudi.

*

Walikaa kwenye kibanda cha chai nyuma ya zahanati. Twaiba aliomba ruhusa ya nusu saa.

"Nimeweka sahihi mkataba," Kanyiva alisema. "Nikikwambia kitu ya ndani, wananishtaki. Lakini ile iko hadharani, hata mtoto anaweza soma. Si ndio?"

"Ndio."

"Sasa wewe soma. Mimi nitakunywa chai."

Twaiba akaiweka simu katikati ya meza.

"Nyongeza iliandikishwa wiki mbili zilizopita. Jina lilifichwa mpaka leo."

Kanyiva alikunywa chai.

"Imeguswa mara tisa. Mabadiliko yote yako upande wa sauti, na lugha ni Kiswahili peke yake. Picha hazikuguswa. Jana hali yake ilibadilika, ikawa inakaguliwa." Twaiba alihesabu kwa vidole. "Nyongeza zenu tatu za nyuma, kila moja ilipofika hapo haikupita siku saba. Zote zilitoka Alhamisi. Leo ni Jumatatu. Basi ni Alhamisi hii."

Aliyasema kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mgonjwa aende chumba namba mbili.

Kanyiva hakukataa. Alikuwa ameacha kunywa.

"Kuna orodha ya tuzo pia, zile anazopewa mchezaji akimaliza jambo. Ya mwisho inasema: Sikiliza mistari yote mipya ya Mlinzi, mia nne na kumi na miwili."

"Eeh."

"Abubakar alirekodi mia moja na sitini."

Kanyiva akainua kichwa. "Una hakika aje?"

"Nilimshikia karatasi. Siku hiyo moja aliuvunja mkataba, akarekodia chumbani kwangu, Mwabungo. Tuliegemeza godoro dirishani ili jogoo wa jirani asiingie. Alisema mstari mmoja mmoja, mimi nikitia alama. Mia moja na sitini. Na yote imo mchezoni tayari, imo tangu mwaka juzi." Alimtazama mgeni usoni kwa mara ya kwanza. "Hiyo mingine kaisema nani?"

Machozi yakamtoka Kanyiva palepale, mbele ya wateja na mahamri yao. Twaiba aliyatazama tu, akamsogezea karatasi ya kujifutia.

"Hiyo haiko hadharani, dada."

"Basi sema, nami nitasema hujaniambia."

Kanyiva aligeuza shingo, akahakikisha hakuna anayesikiza.

"Mashine," alisema. "Walilisha mashine sauti yake. Sasa inasema chochote ile wanaandika. Inacheka pia. Mimi ndiye niliambiwa niandike hayo maneno. Nikafika mia tatu nikashindwa, wakapatia mtu mwingine. Kusema siwezi. Lakini najua wewe husoma, Abu aliniambia. Leo asubuhi nikafungua jina, ndio ulione. Hiyo tu ndio ningeweza."

Twaiba alisubiri kitu kimuume. Hakikuja. Alichoona ni kwamba Kanyiva amemshika kifundo cha mkono na kuuvuta kwa nguvu.

"Dada! Unashika birika na ni ya moto!"

Kiganja kilikuwa chekundu. Twaiba akakiangalia, akakiweka pajani.

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Familia."

"Familia ni mimi na mama yangu."

Kanyiva alifungua picha kwenye simu yake, akaisukuma upande wa pili wa meza. Barua ya ruhusa. Chini kabisa, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika utu uzimani, katika masomo ya ngumbaru, kulikuwa na jina.

Maimuna Hamisi.

Mama yake.

*

Walikwenda kwa gari dogo la Kanyiva. Twaiba alimwelekeza njia mpaka nyumbani Mwabungo: "pinda hapa," na "simama."

Bi Maimuna alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, mama," Kanyiva alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ukae." Kisha kwa binti yake: "Mbona mapema? Kuna aliyefariki?"

Twaiba hakukaa.

"Mayo, uliweka sahihi karatasi ya Nzau?"

Nzau ndiye mwenye studio.

Vidole vya mama havikusimama. "Niliweka."

"Lini?"

"Mfungo Sita, kabla ya maulidi."

"Bila kuniambia?"

"Ningekwambia nini? Alikuja mtu na adabu zake, akavua viatu, akaketi hapo alipoketi mgeni wako. Akaniuliza kama nataka kumsikia mwanangu tena. Wewe ungejibu nini?"

"Ningekataa."

"Ungekataa. Mimi nimemzaa." Bi Maimuna aliuweka ukili pajani. "N'likuomba mara tatu, Twaiba. N'likuomba unisikizishe zile sauti alizokuwa akikutumia simuni. Mara ya kwanza ukasema simu haina moto. Ya pili ukasema baadaye. Ya tatu hukusema kitu, ulitwaa buibui lako ukatoka."

Na hapa, msomaji, likatoka lile ambalo Twaiba hakuwahi kumwambia mtu.

"Hazipo," alisema.

"Hazipo vipi?"

"Nilizifuta. Siku ya saba. Zote."

"Kwa nini?"

"Sijui, mayo. Nilikuwa nafuta vitu tu. Nilifuta na hizo."

Kanyiva aliinamisha uso. Bi Maimuna alimtazama binti yake kama anayetafuta mahali pa kuingilia. Kisha akauchukua ukili, akafumua sehemu aliyokuwa amekosea, akaanza upya.

"Basi," alisema mwishowe. "Na mimi nina langu. Wamenisikizisha."

"Wamekusikizisha nini?"

"Hiyo mashine yao. Ijumaa, baada ya swala, huyo Nzau alinipigia akaniwekea simuni. Sauti ni yake. Pumzi ni yake. Ule mkwaruzo wake wa kooni nao wameupata. Ikasema, 'Mama, usihuzunike, mimi niko salama.'" Alitema neno kama kokwa. "Mama! Abubakar hajapata kuniita mama tangu alipoanza kusema. Mimi kwake ni mayo. N'kamwambia yule bwana, huyu si mwanangu, nirudishieni karatasi yangu. Akasema karatasi ikishawekwa sahihi hairudi."

"Huo mstari sikuandika mimi," Kanyiva alisema upesi. "Naapa, mama."

"Sikulaumu, mwanangu." Bi Maimuna alimgeukia Twaiba. "Nataka hicho kitu kizimwe. Waweza?"

Kabla Twaiba hajajibu, simu yake ikalia.

Ilikuwa ni Nzau.

*

Aliiweka simu barazani, sauti ikasikika na wote.

"Dada Twaiba, asalaam aleikum. Najua umeona. Wafuasi wako wanauliza tangu asubuhi kwa nini Shangazi amenyamaza."

Kanyiva aliziba mdomo kwa mkono. Nzau alijua Shangazi ni nani!

"Sijaandika kitu," Twaiba alisema.

"Andika! Ndio maana nakupigia. Usidhani nimekasirika. Jina lilifunguliwa na mtu hapa ofisini, na nitamjua ni nani, lakini amenifanyia wema bila kujua. Hebu fikiria. Shangazi mwenyewe anatokeza na kusema, mimi ni dada wa Mlinzi, na Mlinzi anarudi Alhamisi. Tangazo gani linashinda hilo?"

"Na nikinyamaza?"

"Itatoka Alhamisi vilevile."

"Mama anataka karatasi yake."

"Mama yetu ana uchungu, ni haki yake. Atazoea. Watu watamsikia Abubakar miaka mia. Wewe hutaki?"

Twaiba alilifikiria swali hilo kwa haki kabisa.

"Sijui ninachotaka," alisema, na ilikuwa kweli. Akakata simu.

Kanyiva alikuwa amesimama. "Amekufungia pande zote. Ukiandika, umemtangazia. Ukinyamaza, inatoka. Ukisema ni mashine, atajua ni mimi nimekuambia, na wote wawili tunaenda kortini."

"Sitasema ni mashine."

"Utasema nini?"

"Mia nne na kumi na miwili iko hadharani. Mia moja na sitini niliihesabu mwenyewe, hukuniambia wewe. Siku aliyofariki imeandikwa kaburini." Twaiba alichuchumaa mbele ya mama yake. "Mayo, nikiandika, watu wengi watamtaja mwanao. Unaridhia?"

"Watamtaja kwa kheri?"

"Wengine. Wengine hapana."

Bi Maimuna aliukunja ukili, akauweka kando.

"Andika. Lakini picha usiweke. Ile aliyovaa kanzu ni yangu."

Twaiba aliandika akiwa amesimama, kwa dole gumba moja. Hakutukana mtu. Hakulalamika. Aliandika hivi:

"Mlinzi Arudi itatoka Alhamisi. Ina mistari mipya 412 ya Mlinzi. Mwenye sauti ya Mlinzi alirekodi mistari 160 maishani mwake, na yote mmeshaisikia. Amefariki miezi kumi na moja sasa. Nilimshikia karatasi siku aliyorekodi. Mimi ni dada yake."

Akatuma. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

*

Mwanzo walipiga makofi tu. Alhamisi! Shangazi kasema! Mlinzi anarudi!

Kisha mmoja, mchezaji wa Taru, akauliza: "Shangazi, kama alirekodi yote na ameshafariki, hii mipya inasemwa na nani?"

Twaiba hakumjibu.

Wakajibizana wenyewe. Mmoja akapiga hesabu. Mwingine akachimba hifadhidata kama alivyofundishwa na Shangazi, akaweka tarehe za yale mabadiliko tisa, zote za mwezi huu. Kufikia saa nane swali lile lilikuwa limeandikwa mara mia sita kwenye ukurasa wa studio. Kufikia saa nane na nusu halikuwa swali tena.

"Mmeuliza mama yake?" mtu aliandika. Wengine mia tatu wakaandika vivyo hivyo.

Barazani, Kanyiva alikuwa akisoma kwa sauti, akiruka matusi kwa heshima ya Bi Maimuna. Bi Maimuna akamwambia asome na matusi.

Saa tisa na dakika kumi simu ya Twaiba ikatetema. Hifadhidata. Badiliko moja.

"Imeondolewa," alisema.

"Wacha!" Kanyiva akamnyang'anya simu. Akasoma. Akasoma tena. "Wameiondoa! Mlinzi Arudi haipo kwa orodha!"

"Ndiko kuzimwa huko?" Bi Maimuna aliuliza.

"Ndiko, mayo."

"Alhamdulillahi." Bi Maimuna akajifuta uso kwa upindo wa leso, akainuka kwenda kutia udhu.

Mara simu ya Kanyiva nayo ikalia, mlio mmoja mfupi. Aliitazama akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha.

"Wamenifungia. Nenosiri halikubali, baruapepe haikubali. Nzau amejua."

"Utakula hapa leo," Bi Maimuna alisema akiwa mlangoni, kama kwamba hilo ndilo jawabu. Huenda lilikuwa.

Twaiba alikaa. Sasa ilibidi afurahi. Alimwona Kanyiva akifuta macho na kutabasamu pamoja, akamsikia mama yake ndani akimimina maji, akasubiri furaha imfikie. Alisubiri kama mtu anayesubiri jina lake liitwe kwenye foleni. Halikuitwa.

Simu ikatetema tena.

Aliisoma mara moja. Akasimama.

"Kanyiva. Hili si la nyongeza. Ni mchezo wenyewe. Sauti za Kiswahili zimepungua."

"Zimepungua kiasi gani?"

"Zimeisha."

Kanyiva aliipokea simu, akasoma.

"Anamtoa Mlinzi mzima," alisema polepole. "Nzau ameogopa. Anaona akitoa kila kitu ya Abu, hakuna mtu atamshika na chochote. Hii ni sasisho la lazima. Kompyuta yoyote iko mtandaoni inalivuta yenyewe, na likiingia, faili za zamani zinafutwa."

"Ile mia moja na sitini?"

"Hiyo pia."

"Si mna nakala?"

"Ziko kwa Nzau. Mimi nimefungiwa nje. Labda ile kompyuta ya Abu ya kazi..."

"Niliirudisha," Twaiba alisema. "Siku ya nne. Niliwapa mkononi. Sikuiwasha hata."

Sauti za simuni Twaiba alizifuta mwenyewe. Kompyuta aliirudisha mwenyewe. Sauti ya Abubakar iliyobaki nje ya mikono ya Nzau ilikuwa ndani ya mchezo ule, na mchezo ule ulikuwa ukifutwa nyumba hadi nyumba, mchana kweupe, na watu ambao hawakujua wanafuta nini.

"Labda mchezaji mmoja mahali amezima kompyuta yake," Kanyiva alisema. "Lakini ni nani? Wewe huna? Mchezo wako uko wapi?"

"Chumbani."

"Kompyuta imezimwa?"

Haikuzimwa. Kompyuta ya Shangazi haizimwi kamwe. Ilikuwa mezani, imefunguka, imeunganishwa na mtandao, na aliipanga kwa mkono wake ivute kila sasisho sekunde ile ile linapotoka, kwa sababu Shangazi alipaswa kuwa wa kwanza.

Twaiba akakimbia.

Alipita sebuleni akaangusha kigoda. Alipita kwa mama yake, aliyekuwa ameinama juu ya kata ya maji, akaipiga kumbo na kujimwagia buibui zima. Alifungua mlango kwa bega.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari wa kijani unaojaa. Asilimia sabini na nne.

Alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Mshale haukusogea. Sabini na tisa.

Akabonyeza tena. Na tena. Themanini na tatu.

"Mtandao!" Kanyiva alipiga kelele kutoka mlangoni. "Kata mtandao!"

Kisanduku cha mtandao kilikuwa kimefungwa ukutani juu ya kabati. Twaiba hakutafuta swichi. Alikishika kwa mikono miwili, akakinyofoa pamoja na misumari, na chokaa ikamwangukia usoni.

Mstari wa kijani ulisimama. Asilimia tisini na moja. Chini yake maandishi madogo: Muunganisho umepotea.

Twaiba alikalia sakafu, kisanduku kikiwa bado mkononi. Akatoa ukelele mmoja mrefu ambao majirani wa nyumba ya tatu waliusikia na kudhani nyumba ile imepata msiba mwingine. Hawakujua ni ule ule. Ulikuwa umechelewa miezi kumi na moja.

Bi Maimuna alipofika, mikono inadondoka maji ya udhu, hakuuliza kitu. Alikaa sakafuni kando yake, akamkumbatia kichwa, akamwacha alie.

Baadaye, kilio kilipopata kituo, Bi Maimuna aliutazama mstari wa kijani.

"Yumo?" aliuliza.

Kanyiva alikuwa ameinama juu ya kompyuta, uso karibu na kioo, mikono nyuma kama mtu aliyekatazwa kugusa.

"Sijui, mama. Imekatika katikati. Labda faili za zamani bado ziko. Labda zimeshafutwa, na hii tisini na moja ni picha tupu." Alisogea nyuma hatua moja. "Na kuna shida ingine. Tukifungua mchezo kuangalia, inaweza kumalizia yenyewe. Ile imeshavutwa inatosha kufuta. Tukiacha hivi bila kufungua, labda nipate mtu Nairobi anajua kuitoa polepole. Wiki moja. Labda mbili. Labda asiweze."

"Kwa hiyo tusiguse," Twaiba alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Tusiguse kabisa. Tungoje huyo mtu."

"Wewe umengoja miezi kumi na moja," Bi Maimuna alisema. "Na mimi pia."

Alivichukua vipokea sauti vya masikioni vilivyolala mezani, ambavyo hajapata kuvivaa maishani mwake, akavivaa juu ya leso, kimoja kikiwa juu ya sikio na kingine shavuni. Twaiba alivisogeza mahali pake bila kutaka, kama mtu anavyomrekebishia mama yake ushungi.

"Mayo, tukimpoteza sasa, nitakuwa nimemfuta mara mbili."

"Nitabonyeza mimi, basi. Ni wapi?"

"Mama, tafadhali..." Kanyiva alianza.

Kidole cha Bi Maimuna, bado kimelowa, kilifuata macho ya Twaiba, kikashuka kwenye kitufe cha kufungulia.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi muda wa kutosha Kanyiva kusema "Yesu" na Twaiba kusema "Ya Rabbi" kwa pamoja. Kisha miti ikaanza kutokea, mmoja mmoja, na njia nyembamba ya mchanga mwekundu katikati yake. Kutoka nyuma ya miti akaja Mlinzi. Akasimama mbele ya mama yake, akainua mkono, akafungua kinywa.

Itaendelea.